Vunjo na Kahawa Yake: Tumebadili Wabunge, Tubadili na Maswali

Jimbo la Vunjo, lililo kwenye mteremko wa kusini-mashariki wa Mlima Kilimanjaro, limefanya jambo lipasalo kutazamwa na kila mpiga kura wa nchi hii. Katika chaguzi nne zilizofuatana, za miaka ya 2005, 2010, 2015 na 2020, kiti chake cha Bunge kilipewa watu wanne mbalimbali, wa vyama vitatu. Mwaka 2005 alikipata Ndugu Aloyce Kimaro wa CCM. Mwaka 2010 alikipata Mzee Augustino Lyatonga Mrema wa TLP, aliyepata kuwa Waziri wa Mambo ya Ndani na Naibu Waziri Mkuu, na ambaye mwaka 1995 aligombea Urais akapata zaidi ya robo ya kura zilizopigwa. Mwaka 2015 Mzee huyo aliangushwa na Ndugu James Mbatia wa NCCR-Mageuzi. Mwaka 2020, katika uchaguzi ambao matokeo yake yalikataliwa na vyama vikuu vya upinzani, kiti kilimwendea Dkt. Charles Kimei wa CCM, aliyekuwa ameiongoza benki ya CRDB kwa miaka 20. Katika muda huo wote hapana aliyeketi vipindi viwili mfululizo.

Wako watu wasemao kwamba wananchi wa Vunjo ni vigeugeu, leo huku, kesho kule. Sisi hatukubali. Mtu achimbaye kisima mahali pa nne kwa sababu mahali patatu pa kwanza hakuona maji, hafai kuitwa kigeugeu. Mtu huyo ana kiu. Walakini ni halali kumwuliza kama kabla ya kushika jembe mara ya nne alikaa kitako akafikiri maji yapo upande gani. Hilo ndilo tutakalo kulisema leo. Kiu ya wakulima wa mlimani ni ya kweli, na kura yao ina nguvu. Lakini nguvu hiyo imetumika zaidi kumwondoa mtu kuliko kumpa mtu kazi inayojulikana.

NCHI NA MALI YAKE

Msomaji ambaye hajapata kufika huko na aifuate barabara kutoka Himo, kwenye tambarare yenye joto na vumbi, apande kwenda Marangu, au Kilema, au Mwika. Kadiri apandavyo, ndivyo hewa ipoavyo na migomba izidivyo. Chini ya migomba kuna mikahawa, na kati ya mikahawa kuna nyumba, na kando ya nyumba hupita mfongo, yaani mfereji wa maji uliochimbwa na mababu kutoka katika mito ya msituni. Shamba hilo la nyumbani ndilo kihamba. Kihamba si bidhaa tu. Ndipo walipozikwa wazee, na ndipo mtoto wa kiume alipotazamia kupewa sehemu yake. Lakini ardhi haizai ardhi. Kihamba kilichomtosha babu kimegawanywa kwa wana, na cha wana kimegawanywa kwa wajukuu, mpaka wengine wamebaki na ukanda usiotosha hata kujenga nyumba na kufunga ng'ombe mmoja.

Kahawa ililetwa mlimani na wamisionari Wakatoliki, nao waliipanda Kilema katika miaka ya 1890. Tangu wenyeji walipoikubali, mti huo umelipa karo, umenunua mabati, umejenga makanisa na zahanati, na umewapeleka vijana katika vyuo vikuu. Hata mfanyakazi wa mjini Moshi asiye na shina moja la kahawa ameishi kwa mti huo: yule wa kiwanda cha kukoboa, yule wa reli, karani wa ushirika, dereva wa lori, mama muuza chakula karibu na maghala. Kahawa ikianguka, duka la mjini hufunga mlango.

Zaidi ya kahawa iko mali ya pili, nayo ni msitu na maji. Na iko mali ya tatu, nayo ni wageni wapandao Kibo kwa kupitia lango la Marangu, ambao mizigo yao huchukuliwa na vijana wa vijiji hivi hivi. Jimbo lenye mali kama hizo tatu lingedhaniwa kuwa na amani moyoni. Lakini mali zote tatu zina tabia moja: bei yake au amri yake hutoka mbali. Bei ya kahawa hufuata soko la New York. Amri ya msitu na ya mlima hutoka Serikali Kuu. Ndiyo maana mwananchi humtazama mbunge kama mtu anayemtuma safari ya mbali kwenda kumletea haki yake.

KURA NA MIKAHAWA TANGU ZAMANI

Jambo hili halikuanza jana. Walowezi wa Kizungu walipotaka Mwafrika azuiwe kulima kahawa ya arabika, wakidai kwamba mashamba yake yangeeneza magonjwa, wakulima wa Kichagga waliungana mwaka 1925 katika chama chao cha kwanza, Kilimanjaro Native Planters' Association, chini ya Bwana Joseph Merinyo. Mwaka 1933 mahali pake pakashikwa na chama kikuu cha ushirika, KNCU, ambacho jina lake lilikuja kujulikana katika Afrika yote. Miaka minne baadaye, mwaka 1937, ghasia zilitokea mlimani kwa sababu ya sheria iliyomlazimisha mkulima kuuza kahawa yake kwa chama hicho tu. Basi tangu mwanzo mkulima wa Kilimanjaro aliupenda ushirika, na tangu mwanzo alikataa kufanywa mtumwa wa ushirika.

Moto huo huo ukaingia katika siasa. Chama cha Raia wa Kichagga kilichoanzishwa mwaka 1949 kilidai kwamba nchi nzima ya Uchagga iwe na kiongozi mmoja aliyechaguliwa na watu. Mwaka 1951 kura zikapigwa, naye Bwana Thomas Marealle akachaguliwa kuwa Mangi Mkuu, akiwashinda wazee wenye majina makubwa, miongoni mwao Mangi Abdiel Shangali wa Machame. Miaka iliyofuata ilikuwa ya neema, kwa maana kahawa ilipata bei njema, na shule zilijengwa kwa fedha za wakulima wenyewe. Hata hivyo watu hao hao, mwaka 1960, waliulizwa tena kwa kura, nao wakaamua kwamba hawataki ukubwa wa Umangi Mkuu uendelee. Wakataka kiongozi wa kuchaguliwa kwa muda. Neema ya bei haikuwafumba macho.

Katika uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria wa mwaka 1958, ule wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, hakupiga kura kila mtu mzima. Sharti mtu awe na elimu ya kiasi fulani, au pato la pauni 150 kwa mwaka, au awe ameshika cheo kilichotajwa katika sheria. Masharti hayo yaliwafungia nje wakulima na vibarua wengi wa Tanganyika. Lakini kwa mkulima wa kahawa aliyesoma, au aliyemsomesha mwanawe kwa kahawa, mlango ulikuwa wazi kidogo. Ndugu Solomon Eliufoo wa Machame akachaguliwa kuuwakilisha Mkoa wa Kaskazini, baadaye akawa Waziri. Kwa hiyo twaweza kusema pasipo kutia chumvi kwamba mkahawa haupigi kura, lakini umewachagua wengi.

FUNZO LA JEMBE NA NYUMBA

Mwaka 1965 nchi yetu ilifanya uchaguzi wa kwanza chini ya chama kimoja. Karibu kila jimbo lilikuwa na wagombea wawili, mmoja akapewa alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba, ili hata asiyejua kusoma apige kura yake. Wagombea walipanda jukwaa moja mbele ya watu wale wale, katika mikutano iliyotayarishwa na Chama wilayani. Walikatazwa kutaja kabila, dini au rangi, na walitakiwa kusema Kiswahili. Baada ya hotuba wananchi waliuliza maswali, na wote wawili wakajibu.

Hatusemi kwamba njia hiyo haikuwa na kasoro. Chama kilikuwa kimoja, na majina yalichujwa juu kabla hayajamfikia mpiga kura. Lakini yako mambo mawili ya kujifunza. La kwanza ni kwamba mpiga kura aliwapima watu wawili kwa swali moja, saa moja, mahali pamoja. La pili ni kwamba ukubwa wa mtu haukumwokoa. Mawaziri wawili walianguka. Mmoja wao alikuwa Ndugu Paul Bomani, Waziri wa Fedha, mtu aliyeujenga ushirika wa wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa kwa mikono yake. Huko Usukuma, kama kwetu mlimani, watu walitegemea zao moja, na manung'uniko juu ya bei na juu ya makato ya ushirika yalikuwa yamejaa vijijini. Mwaka uliofuata Serikali iliunda kamati ya kuvichunguza vyama vya ushirika, nayo ikakuta uzembe na udanganyifu ambao wakulima walikuwa wameusema siku nyingi.

Tukumbuke lakini kilichofuata. Kumwangusha Waziri hakukuponya ushirika. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchi nzima, na KNCU pamoja navyo. Vilivunjwa wakati ambapo jalidi iliyoichoma mikahawa ya Brazil mwaka 1975 ilikuwa imepandisha bei ya kahawa duniani kuliko zamani zote. Ndipo mkulima wa Kilimanjaro alipoona bei kubwa ikipita juu ya kichwa chake, na chama alichokijenga hakipo kumwombea haki yake. Vyama vilirudishwa katika miaka ya 1980, walakini nguvu iliyokatwa haikurudi yote.

BEI HAIKAI MOSHI

Mwaka 1989 mapatano ya nchi zilimazo na zinunuazo kahawa, yaliyokuwa yakigawa kiasi cha kuuza na kuilinda bei, yalivunjika. Katika miaka ya 1990 Serikali iliwafungulia wanunuzi binafsi mlango wa kwenda hadi kijijini. Mwanzoni mkulima alifurahi kupata fedha taslimu mkononi. Kisha Vietnam ikapanda kahawa kwa wingi wa ajabu, bei ya dunia ikashuka, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikawa mbaya mno hata wengine waking'oa mikahawa wakapanda nyanya na miti ya mbao. Dawa ilikuwa ghali, mikahawa ilizeeka, vijana wakashuka mjini.

Haikuwa ajabu basi kwamba katika uchaguzi wa vyama vingi wa mwaka 1995 mkoa wa Kilimanjaro ulimpa Mzee Mrema kura zake nyingi. Tena haikuwa ajabu kwamba katika chaguzi zilizofuata viti vya mlimani vilihama mkono hadi mkono. Mwaka 2010 huko Rombo hata Ndugu Basil Mramba, aliyepata kuwa Waziri wa Fedha, alishindwa na Ndugu Joseph Selasini wa CHADEMA. Mwaka 2018 Serikali ikageuza tena mkondo, ikaamuru kahawa ya wakulima ipitie vyama vya msingi vya ushirika na kwenda mnadani, wala isinunuliwe na mtu binafsi mlangoni pa mkulima. Wengine wakasema, "Afadhali." Wengine wakasema, "Malipo yanachelewa, na mtoto amefukuzwa shule leo."

Tazama sasa jinsi mambo makubwa yaliyomgusa mkulima yalivyotokea: jalidi ya Brazil, mapatano ya dunia, mashamba ya Vietnam, amri ya mwaka 1976, mlango wa miaka ya 1990, amri ya mwaka 2018. Katika hayo yote, ni mangapi ambayo mbunge mmoja wa Vunjo angaliweza kuyazuia peke yake? Hapana hata moja. Kwa hiyo mgombea asimamaye jukwaani akisema, "Nichagueni, nami nitapandisha bei ya kahawa," ama hajui kazi anayoiomba, ama anajua na kuwadanganya watu. Na mpiga kura amwangushaye mbunge kwa sababu bei ya New York imeshuka anampiga fimbo asiyehusika, huku mhusika akienda zake salama.

MBUNGE AWEZA NINI?

Msomaji asidhani tunasema kwamba mbunge hana kazi. Katiba yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 63, imewapa wabunge mamlaka ya kumwuliza Waziri swali lolote juu ya mambo ya umma yaliyo chini ya wajibu wake, kujadili utendaji wa kila Wizara wakati wa Bajeti, na kutunga sheria. Lakini ibara ya 99 ya Katiba hiyo hiyo yasema kwamba jambo la kutoza kodi, au la kutoa fedha za Serikali, haliwezi kushughulikiwa Bungeni isipokuwa limeletwa na Rais kwa mkono wa Waziri. Hivyo mbunge aweza kudai, kushawishi, kukataa na kuwaunganisha wenzake. Hawezi kuamuru.

Mfano uko. Kwa miaka mingi wakulima walilia juu ya ushuru wa mazao utozwao na halmashauri. Mwaka 2017 Bunge liliupunguza ushuru huo kwa mazao ya biashara kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3. Hapo ndipo kazi ya Bunge ilipoonekana katika mfuko wa mkulima. Na hapo pia ndipo swali gumu lilipozaliwa, kwa sababu ushuru huo ndio fedha ya halmashauri, na halmashauri ndiyo itazamiwayo kutengeneza barabara ya kupitisha kahawa. Mbunge ni mjumbe wa halmashauri pia. Yampasa kusema ni nini kitakachoziba pengo.

Kadhalika tangu mwaka 2009 uko kwa sheria Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ambao mbunge huongoza kamati yake. Fedha hiyo ni ya umma. Bati lililonunuliwa kwa mfuko huo halikutoka mfukoni mwa mbunge, wala hapana sababu ya kumpigia magoti kwa ajili yake. Ashukuriwe akiigawa vizuri, na aulizwe akiigawa vibaya, basi.

MASWALI YA KUULIZA

Twawashauri basi wapiga kura wa Vunjo, na wa mlima wote, na wa kila jimbo litegemealo zao moja, wawe na maswali yao tayari kabla ya wagombea kuja na nyimbo zao.

Swali la kwanza ni la mikahawa yenyewe. Kituo cha utafiti cha Lyamungo, ambacho tangu mwaka 2001 kimo mikononi mwa Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, kimetoa aina mpya za miche zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani. Mche ukipandwa na kutunzwa huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi, na kipindi cha Bunge ni miaka mitano. Basi mgombea na aseme atasaidiaje miche ifike katika kila kata mwaka wa kwanza, nasi tutamhesabia kwa macho kabla hajarudi kuomba tena. Hiyo ndiyo ahadi iwezayo kupimwa.

Swali la pili ni la hesabu za ushirika. Ikiwa sheria yamwamuru mkulima kupitisha kahawa katika chama, ni haki yake kujua chama kimeuza kwa kiasi gani, kimekata nini, kwa nini malipo ya pili yamechelewa, na mkaguzi amesema nini. Je, mgombea atasimama Bungeni kumwuliza Waziri juu ya ukaguzi wa vyama vya jimbo lake, au ataogopa kwa sababu viongozi wa vyama hivyo ndio wampigiao debe?

Swali la tatu ni la msitu. Tangu mwaka 1941 ulitengwa ukanda wa nusu maili kwenye ukingo wa msitu, ili wananchi wapate kuni, majani ya ng'ombe na mbao kwa utaratibu. Mwaka 2005 msitu wa hifadhi uliunganishwa na Hifadhi ya Taifa, na amri ikawa kali zaidi. Hatutaki msitu ukatwe, kwa maana msitu ukifa mifongo itakauka, na migomba na mikahawa itakufa pamoja nayo. Lakini mama aliyekuwa akikata majani huko tangu usichana wake astahili jibu la heshima. Mgombea na aeleze ni utaratibu gani utakaolinda maji na pia ng'ombe wa mama huyo, wala asiseme lugha moja mjini na nyingine kijijini.

Swali la nne ni la wanawake na vijana. Mara nyingi jina lililo katika kitabu cha chama ni la baba, na malipo hupokelewa na baba. Lakini mikono iliyochuma buni na kuimenya na kuianika ni ya mama na watoto. Mama ana kura sawasawa na baba. Naye kijana asiye na kihamba, abebaye mizigo ya wageni mlimani kwa ujira mdogo, ana kura vilevile. Mgombea ajuaye kuzungumza na wenye mikahawa tu hajaijua nusu ya jimbo lake.

JUU YA ZAWADI

Liko neno moja ambalo hatuna budi kulitaja, ijapokuwa linawachukiza wengine. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilibadilishwa ili kile kilichoitwa takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, kisihesabiwe kuwa rushwa. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilivibatilisha vifungu hivyo, na mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Mahakama ilifanya kazi yake. Lakini jaji hawezi kuketi katika kila kilabu cha mbege kumkamata anayeagiza kata kwa jina la mgombea. Jaji wa mahali pale ni wewe, ndugu msomaji.

Wako watakaotujibu hivi: "Mambo ya ibara na kamati ni ya wasomi. Huyu ametupa mabati, yule ametulipia mazishi, tutawatupaje?" Hoja hiyo si ya kudharauliwa, kwa sababu mtu mwenye shida humkumbuka aliyemfaa. Lakini fanyeni hesabu. Bati la mgombea ni la siku moja katika miaka mitano. Mkato wa shilingi chache kwa kila kilo ya kahawa ni wa kila msimu, kwa kila mkulima, kwa miaka yote mitano. Aliyekupa bati, kisha akanyamaza wakati mkato ulipoongezwa, amekupa kwa mkono wa kushoto na kuacha uchukuliwe kwa mkono wa kulia. Na wazee wetu walikwisha kuonya kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mbunge asifiwaye kwa zawadi ataacha kusoma miswada.

Twarudi basi kwenye kiti cha Vunjo na watu wake wanne. Kuwaondoa viongozi kwa kura, pasipo fujo, ni sifa njema, na wenzetu wengi barani Afrika wameitafuta sifa hiyo wasiipate. Lakini kura ya kuondoa ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumwambia yule aingiaye, mbele ya watu, kazi aliyopewa. Kuiandika katika kumbukumbu za mkutano wa kijiji na za chama cha msingi. Kumwita kila mwaka aje aeleze hatua aliyofikia. Na kumhukumu kwa hiyo kazi, wala si kwa bei ya New York, wala si kwa ukoo wake, wala si kwa ukubwa wa gari lake.

Wafanyakazi wa Moshi nao wasidhani kwamba hayo ni ya watu wa shamba. Buni isipochumwa mlimani, mashine za kukoboa husimama mjini, na mtu wa kwanza kuambiwa abaki nyumbani ni kibarua. Wana haki, tena wana wajibu, ya kusimama pamoja na mkulima na kuuliza maswali yale yale.

Mikutano ya vyama vya msingi hufanywa kila mwaka, uchaguzi ukiwapo au usipokuwapo. Tuanzie hapo. Anayejua kusoma hesabu na awasomee wenzake. Anayejua sheria na aieleze kwa Kiswahili chepesi. Siku mgombea atakapokuja, na akute watu wameketi na daftari mkononi, wakimsubiri ajibu.